Kijerumani kwa Njia ya Kiingereza: Neno Juu ya Mafundisho Yake kwa Wenye Kusema Kiswahili

Mtoto wa Kiswahili, siku za kwanza anapotiwa darasani, hufundishwa herufi tano, a, e, i, o, u, naye huziimba pamoja na wenziwe mpaka zimkae kinywani. Hajui, wala hakuna amwambiaye, ya kuwa amekwisha kujifunza majina ya irabu za Kijerumani, maana Mjerumani huzitaja vivyo hivyo: a ni a, e ni e, i ni i. Walakini mtoto yule akiisha kuwa mtu mzima, na haja ikampeleka kujifunza Kijerumani mjini Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi mwalimu wake humjia kwa Kiingereza. Katika juma la kwanza huonywa ajihadhari, kwa kuwa i ya Kijerumani si “ai”, na e yake si “ii”. Basi mwanafunzi hushika kalamu, huliandika onyo hilo, na huhangaika nalo. Anaponywa ugonjwa alioletewa na mganga mwenyewe.

Nimeanza na neno hili dogo kwa sababu katika mtihani si dogo. Mtihani wa daraja la kwanza, uitwao A1, una sehemu ya kusema, na hapo mtahiniwa huombwa kutaja jina herufi kwa herufi. Mwanamke mwenye jina la Neema akilitaja kwa irabu za Kiingereza, Mjerumani amsikilizaye ataandika kitu kama “Niimei”. Akilitaja kwa irabu alizoziimba utotoni, litaandikwa Neema. Na mtihani huo si mchezo wa wasomi. Tangu mwaka 2007 sheria ya Ujerumani huwataka wengi wa wake na waume wanaowafuata wenzi wao kule waonyeshe ujuzi wa daraja hilo kabla ya kupewa ruhusa ya kuingia. Alama zote ni 100, na asiyepata 60 ameshindwa. Hungoja mtihani mwingine, na nyumba yake hungoja pamoja naye. Muuguzi atakaye kazi yake itambuliwe huko kwa kawaida hutakiwa daraja la B2, yaani la nne katika yale sita yaliyotangazwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Tena mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya kazi na uhamiaji, na watu wanaokitafuta Kijerumani kwa ajili ya riziki hawana dalili ya kupungua.

Hao ndio ninaowafikiri ninaposema ya kwamba mafundisho ya Kijerumani kwetu yamekosa njia. Lawama yangu si juu ya bidii ya walimu, maana nimeona wengi wenye bidii. Wala si juu ya Kiingereza, ambacho ni ndugu wa Kijerumani na humfaa mwanafunzi katika maneno mengi ya nyumbani, kama maji, mkono, kidole na mkate. Lawama yangu ni kwamba mwanafunzi huingia darasani na lugha yenye sarufi tajiri, ambayo katika mambo kadhaa magumu i karibu na Kijerumani kuliko Kiingereza kilivyo, naye huambiwa aiache mlangoni pamoja na viatu.

Jambo hili lina asili yake. Krapf, Mjerumani wa nchi ya Württemberg aliyefika pwani yetu mwaka 1844, alipopiga chapa sarufi yake ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850, aliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa alitumwa na chama cha misioni cha Waingereza. Baadaye Wajerumani walijijengea njia yao wenyewe. Mwaka 1887 chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin, na humo Kiswahili kilifundishwa. Mmoja wa waliofundisha hapo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Seidel alitoa sarufi mwaka 1900, Meinhof mwaka 1910. Velten alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kijerumani mwaka 1910, na ya Kijerumani kwa Kiswahili mwaka 1933. Watu hao walikaa wakazipima lugha hizi mbili, ngeli kwa jinsi, tendo kwa tendo, wakawaeleza vijana wao kwa lugha ya mama zao. Lakini kwetu serikali ya Kijerumani ilishika Kiswahili katika shule zake, kuanzia ile ya Tanga, na katika barua za maakida. Waliotaka Kijerumani kienezwe kwa wenyeji hawakufaulu. Sisi twashukuru kwa ajili ya Kiswahili, kwa maana kilipata nguvu. Ila matokeo yake ni kwamba njia ilikatwa kutoka upande mmoja tu. Mjerumani alipewa daraja la kuja kwetu; Mswahili aliachiwa “shule” na “hela” na maneno machache mengine.

Sababu ya pili ni ya vitabu. Mwaka 1882 Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu kikali, “Der Sprachunterricht muss umkehren!”, akitaka mafundisho ya lugha yageuke: lugha hai isifundishwe kama Kilatini, kwa kufasiri na kukariri kanuni, bali ianze sikioni na kinywani. Alisema kweli, na kila mwalimu mwema wa leo ni mwanafunzi wake, ajue asijue. Lakini kweli ile ikizidishwa huwa kitu kingine. Goethe-Institut ilipoanzishwa mwaka 1951, ilihitaji kitabu kimoja kwa watu wa mataifa yote walioketi pamoja darasani, na mwaka 1955 Dora Schulz na Heinz Griesbach wakatoa “Deutsche Sprachlehre für Ausländer”, chote kwa Kijerumani. Kwa darasa la München, ambamo Mgiriki huketi karibu na Mwajemi, hiyo ni akili. Kwa darasa la Mombasa, ambamo watu wote ishirini husema Kiswahili, ni nini? Mpiga chapa hufaidiwa, kwa kuwa kitabu kimoja huuzwa dunia nzima. Mwanafunzi hulipa gharama. Baadaye walikuja waandishi walioona ya kuwa mwanafunzi ana kwao. Kitabu kiitwacho “Sprachbrücke”, cha mwaka 1987, kiliweka nchi ya kubuni, Lilaland, ili wageni wote wapate mahali pa kusimama na kuwatazama Wajerumani. Nia ilikuwa njema, nami nakipenda kitabu kile. Walakini nyumba iliyojengwa ili iwe ya kila mtu haina jiko la mtu yeyote.

Na tuingie katika mambo yenyewe, kwanza lile liogopwalo kuliko yote. Mezani pa Mjerumani kijiko ni “der Löffel”, uma ni “die Gabel”, kisu ni “das Messer”. Kwa njia ya Kiingereza, ambacho hakina mgawanyo huo wa majina, jambo hili huletwa kama kichaa cha Wajerumani: kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala si huyu. Mark Twain, Mmarekani, alilifanyia mzaha mwingi mwaka 1880, na mzaha wake haujaisha madarasani. Wanafunzi hucheka. Kisha juma la pili hulia.

Lakini Mswahili acheke nini? Yeye husema kisu hiki, uma huu, wala hajapata kuuliza kwa nini uma usiwe katika ngeli moja na kisu, hali vyote viwili ni vyombo vya kulia na hukaa katika sanduku moja. Amepokea jina pamoja na ngeli yake tangu kifuani kwa mama yake. Mwalimu akimwambia, “Kijerumani kina ngeli tatu katika umoja, na alama zake ni der, die, das, katika wingi ngeli zote tatu huungana kuwa moja”, mwanafunzi aliyezoea ngeli zisizopungua nane atashusha pumzi. Akimwambia, “Kijerumani kina jinsi tatu, ya kiume, ya kike na ya katikati”, mwanafunzi ataanza kumtafuta mwanamume ndani ya kijiko. Neno lile la jinsi ndilo linalopoteza. Sarufi yetu wenyewe imekwisha kutupa neno bora. Broomfield aliliweka katika “Sarufi ya Kiswahili” mwaka 1931, na walimu wetu wa shule za msingi hulitumia kila siku.

Msichana kwa Kijerumani ni “das Mädchen”, ngeli ya vitu. Hapo ndipo mzaha wa Kiingereza hupanda juu kabisa. Mswahili angefahamu kwa neno moja, kama angeulizwa: kijana. Kijana amevaa ki- ya kiti na kisu, lakini ni mtu. Vivyo hivyo kipofu, kiziwi, kiongozi. Kiambishi ki- hupunguza, kama kitoto na kijumba, na mwisho “-chen” hupunguza, kama “Häuschen”, kijumba, na kila jina lenye mwisho huo ni la “das”, liwe la mtu au la paka. Tena ufanano waendelea mbele zaidi. Sisi husema, “Kijana mrefu amekuja,” utu ukiishinda ngeli katika sifa na tendo. Mjerumani naye akiisha kumtaja “das Mädchen”, katika maneno yafuatayo mara nyingi humwita “sie”, kama mwanamke, utu ukiishinda ngeli. Yeye hushindwa baadaye kidogo kuliko sisi, basi. Mambo kama haya ndiyo yanayompa mtu mzima raha ya kujifunza, kwa kuwa hujiona hakuanza na ujinga.

Haifai kuusifu ufanano huu kupita kiasi. Jina la Kiswahili mara nyingi huvaa alama yake kichwani: ki-tabu, m-ti, u-fagio. Jina la Kijerumani, kama lina alama, huivaa miguuni, na mengi hayakuvaa kitu. “Löffel” haina neno lolote ndani yake la kukuambia ya kuwa ni ya “der”. Hapo mwanafunzi hana budi kulimeza jina pamoja na kineno chake cha mbele, kama tulivyomeza uma huu. Lakini zile alama za miguuni zifundishwe mapema, wala zisiachwe mpaka daraja la tatu, kwa maana nyingi huenda sawasawa na u- yetu ya mambo yasiyoshikika. Ugonjwa ni “die Krankheit”, uhuru ni “die Freiheit”, urafiki ni “die Freundschaft”, uzuri ni “die Schönheit”. Majina yote ya “-heit”, “-keit” na “-schaft” ni ya “die”. Muuguzi atayahitaji kila saa ya kazi. Kisha mwalimu aonye kwa mfano ambao mwanafunzi hatausahau: umaskini ni “die Armut”, bali utajiri ni “der Reichtum”.

Kuna tofauti moja iliyo nafuu kwetu. Kwa Kiswahili tendo hufuata ngeli: kisu kimeanguka, uma umeanguka. Kwa Kijerumani tendo halijali: “das Messer ist gefallen, die Gabel ist gefallen”. Mzigo wote umewekwa juu ya kineno cha mbele na juu ya sifa. Mwanafunzi ajuaye ya kuwa ametuliwa mzigo bega hili atakubali kubebeshwa bega lile. Asiyeambiwa huona mabega yote mawili yakiuma.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya mpango wa maneno, kwa kuwa hapo kosa la kupitia Kiingereza ni kubwa kuliko yote, na sijaona likisemwa sana. Mjerumani aweza kusema, “Der Vater hat den Brief geschrieben”, yaani baba ameandika barua. Aweza pia kusema, “Den Brief hat der Vater geschrieben”, ikiwa swali ni barua hii ameiandika nani. Maneno yamegeuka, lakini aliyeandika ni yule yule, kwa sababu “der” humwonyesha mtenda na “den” huonyesha kitendwacho. Kwa Kiingereza jambo hili halifasiriki neno kwa neno. Barua ikiwekwa mbele hivyo, barua ndiyo itakayoonekana imemwandika baba. Kwa hiyo mwalimu huacha mpango huo wa pili, au huutaja kwa haraka kama pambo la waandishi, na mwanafunzi huendelea miezi sita akisema mtenda kwanza, tendo la pili, kitendwa cha tatu, kama mtu apigaye foleni.

Lakini tazama Kiswahili. “Barua hii ameiandika baba.” Nani kati yetu hasemi hivyo? Kitendwa kimetangulia, tendo limekaa la pili, mtenda amekuja nyuma, wala hakuna aliyedhani ya kuwa barua imeandika mtu, kwa sababu a- na -i- zimo ndani ya tendo zikilinda mahali pa kila mmoja. Kazi ambayo Kijerumani huifanya kwa “der” na “den” nje ya tendo, sisi huifanya kwa a- na -i- ndani yake. Mwalimu akiandika sentensi hizi mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, na kupiga mstari chini ya “den” na chini ya “-i-”, amekwisha kufundisha kwa dakika tano jambo linalokula majuma.

Hali ile ya tatu iitwayo na Wajerumani “Dativ”, ambayo huwatoa watu jasho, nayo ina mwenziwe kwetu. “Ich schreibe dem Vater einen Brief”: namwandikia baba barua. Kuandika kumekuwa kuandikia, na ile -i- imebeba habari ya kwamba kuna mtu apokeaye. Mjerumani haigusi “schreiben”; huugeuza mlango wa yule mtu, “der Vater” akawa “dem Vater”. Matendo mengi ambayo kwetu hupenda -ia au -ea, kama kumletea, kumwambia, kumsaidia mtu kazi au kumfungulia mlango, kwao mtu huyo huwa katika “dem” au “der” ya kike. Sisemi ya kuwa kanuni hii haina mwiko. Nasema ya kuwa mwanafunzi huwa na mahali pa kuanzia.

Kadhalika yale maneno ya kuunganisha. “Das Buch, das ich gelesen habe”: kitabu nilichokisoma. “Die Bücher, die ich gelesen habe”: vitabu nilivyovisoma. Kama -cho- ifuatavyo kitabu na -vyo- ifuatavyo vitabu, ndivyo “das” na “die” ya pili inavyofuata ya kwanza. Mswahili huona ni haki. Lingekuwa jambo la ajabu kama lisingefuata.

Matamshi nayapita upesi. Mtu wa pwani atamkaye kheri kwa kh yake hupata “Buch” na “Nacht” bila shida, na bara nao wakifundishwa kuikumbuka sauti hiyo huipata. Bali “ü” na “ö” hatunazo, na hakuna hila ila mazoezi. Mafungu ya konsonanti kama “Herbst” na “Strumpf” hututia hamu ya kupenyeza irabu kati yake, na mwalimu asicheke, maana babu zetu walifanya hivyo kwa lugha zote zilizofika kwa meli.

Katika desturi, vilevile. Darasani mwanafunzi huambiwa ya kuwa “du” na “Sie” ni neno moja kwa Kiingereza, basi achague “Sie” kwa wakubwa. Kwa Kiswahili pia ni neno moja, wewe. Lakini Mswahili hawezi kudhani ya kuwa heshima ni jambo dogo la sarufi, yeye aliyefundishwa kumwambia mzee shikamoo kabla ya neno lolote, na kumwita mama au bibi hata asiyemjua. Aelezwe ya kuwa Mjerumani ameitia heshima ndani ya tendo na jina la badala, mahali ambapo sisi tumeitia katika salamu na katika majina ya ukoo. Kisha aelezwe tofauti, ambayo huwaumiza wengi wakifika: shikamoo hufuata umri, “Sie” hufuata kutojuana. Mgonjwa wa miaka 80 atamwambia muuguzi wa miaka 22 “Sie”, naye asidhani anafanyiwa dhihaka. Katika mtihani ule ule wa A1 mtahiniwa hutakiwa kujieleza: jina, umri, nchi, mahali akaapo, lugha, kazi, na jambo apendalo kufanya wakati wa mapumziko. La mwisho hili huwashangaza akina mama waliolea watoto watano, nao hufunzwa kujibu “Lesen”, kusoma, hata kama saa ya kusoma hawajaipata tangu waolewe. Nimewasikia watatu mfululizo wakisema hivyo.

Saa ni tundu lingine. Ikiwa ni saa nane na nusu mchana, Mjerumani husema “halb drei”, yaani nusu ya kuielekea tatu, kwa hesabu yao ianzayo usiku wa manane na adhuhuri. Apitaye Kiingereza husikia neno la nusu na neno la tatu, akahesabu nusu saa baada ya tatu yao, akafika saa nzima baada ya mlango kufungwa. Sisi tuna kasorobo. Husema saa tisa kasorobo, tukiitazama saa ijayo wala si iliyopita. Aambiwe ya kuwa “halb” ni kasoro nusu, na ya kuwa “drei” yao mchana ni saa tisa yetu, hatakosea. Hata “vorgestern” na “übermorgen”, ambazo Kiingereza huzizunguka kwa maneno matatu manne, zetu ni juzi na kesho kutwa, neno kwa neno. Na “einundzwanzig”, moja na ishirini, haitamshangaza aliyewahi kuhesabu Kiarabu chuoni.

Kuna watakaonijibu ya kuwa nimechagua mifano inayonifaa. Ni kweli, basi na niwape isiyonifaa. “Ich gehe in die Schule”, “ich bin in der Schule”: sisi husema naenda shuleni, niko shuleni, na shuleni haikubadilika hata kidogo. Hapo Kiswahili hakitufai kitu. Wala hakitusaidii juu ya tendo lile likimbialo mwisho wa sentensi baada ya “weil”, wala katika “Ich mache die Tür auf”, ambapo msikilizaji hungoja mpaka neno la mwisho kabisa ajue kama mlango unafunguliwa au unafungwa.

Tena kuna mahali ambapo Kiswahili si daraja bali ni shimo, na hapo ndipo hoja yangu ina nguvu zaidi. Mswahili akiulizwa, “Huna pasi?”, naye hana, aweza kujibu, “Ndiyo,” akimaanisha ndiyo, usemavyo ni kweli, sina. Mjerumani akiuliza, “Haben Sie keinen Pass?”, asiye nayo hujibu “Nein”, na aliye nayo hujibu “Doch”. Mswahili ajibuye “Ja” amemwacha karani asijue la kuandika. Kiingereza hakina “doch”, na mwalimu asiyefikiri kwa Kiswahili hawezi kujua kwa nini wanafunzi wake hukosea hapo mwaka baada ya mwaka. Huandika ya kuwa hawakusikiliza vizuri. Yule atakayeiziba njia ya Kiswahili darasani haizuii kupita, huizuia tu kuonekana.

Maana wanafunzi hupita. Wafunue madaftari yao. Ukurasani ni Kijerumani kitupu kama kitabu kiagizavyo, lakini pembeni, kwa penseli na herufi ndogo, mna Kiswahili: maana ya neno, mfano, wakati mwingine lahaja ya nyumbani. Nilipata kuonyeshwa daftari la mama mmoja aliyekuwa akingoja kumfuata mumewe. Karibu na “doch” alikuwa ameandika: “mbona ninayo!” Sijaona fasiri iliyo bora kuliko hiyo katika kitabu chochote, kwa kuwa ile mbona yetu, isemwayo na mtu aliyedhaniwa hana hali anacho, ndiyo “doch” yenyewe, pamoja na sauti yake ya kupanda. Chini yake, penye “Komm doch!”, aliandika: “njoo basi”. Nayo ni sawa kabisa. Mwalimu wake alikuwa amezikata zote mbili kwa wino mwekundu, akaandika kando ya kuwa darasani hutumiwa Kijerumani tu.